Kitufe cha Kuhifadhi

Sallapata, mita elfu nne juu ya bahari,
ambako viazi hukaushwa kwa baridi,
zilitufikia kompyuta arobaini na moja
nyuma ya pikapu iliyokuja kuchukua sufu.
Wanafunzi ni thelathini na tisa.
Mbili nilizifungia kabatini na ramani ya Peru.

Za kijani, masikio mawili ya kunasia mtandao,
na mtandao haukuwapo.
Kibodi ya mpira, kama kandambili.
Watoto wakaziita vyura.

Chura ana kitufe kimoja cha ajabu:
ukikibonyeza, programu inajivua koti,
unaona mishono, mfuko wa ndani,
jina la aliyeshona na mahali alipokosea.
Mimi, Hilaria Qquecho, mwalimu wa miaka kumi na tisa,
nilikibonyeza mara moja nikakimbia,
kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mtu.

Yovana hakukimbia.
“Mwalimu, hapa wameandika Guardar. Nani kaandika?”
“Mtu.”
“Nikiandika vingine atakasirika?”
Nikasoma karatasi ya kwenye sanduku.
Haikusema atakasirika.

Akafuta Kihispania, akaandika waqaychai,
kuhifadhi, kwa lugha tunayoitumia kugombeza mbwa.
Ndani ya neno hilo mna kulia,
sijui kwa nini.
Kufika Ijumaa lilikuwa limeenea kwa vyura wote, kama mafua,
hata wale wawili wa kabatini,
na ufunguo ninao mimi.

Mwaka wa pili akaja Bwana Ludeña na mashine za kijivu,
nyembamba, bure mwaka mzima.
Kipya kinyemi.
Nikamwuliza: kitufe cha kuvua koti kiko wapi?
Akacheka kwa adabu. “Mwalimu, ukipanda basi,
unadai kwanza uone injini?”
“Likizimika mlimani usiku, ndiyo.”
Hawakunisikia; walikuwa wanatia sahihi.

Teófilo, babake Wilber, alinifuata nje.
“Ofisi za Lima zinatumia hizi.
Nani atamwajiri mwanangu kwa kujua chura?”
Ameuza alpaka wawili kwa ajili ya sare na viatu.
Sikuwa na jibu. Hata leo sina.

Kisha asubuhi moja ya Aprili skrini zote zikawa buluu,
zikaomba namba: herufi na tarakimu ishirini na tano.
Hadithi ya Wilber kuhusu mbwa aliyepotea ilikuwa mle.
Kichwa chake twakiona. Haifunguki.
Nilipanda kilimani kutafuta mawimbi ya simu,
nikapigiwa muziki wa kusubiri
hadi salio likaisha.
Nguo ya kuazima haisitiri,
na huku kwetu upepo hauna haya.

Sisemi vyura ni watakatifu.
Kumi na saba walikufa betri, panya walitafuna kibodi,
na hakuna fundi aliyepanda huku kunionyesha
nifanye nini na msimbo wote huo ulio wazi.
Mlango wazi, nyumba haina taa:
unaingia, unajigonga goti.

Lakini Jumatatu nilifungua kabati.
Wilber akaunganisha waya na paneli ya jua
kwa koleo aliloliiba nyumbani.
Chura akakohoa, akawaka.
Mtoto akaandika upya, kutoka kichwani, mbwa wake,
mistari sita, akatafuta pa kuiweka.
“Nani kaandika hivi? Mwisho ni y, si i.”
Yovana akatazama dari.

Wilber hakumwomba mtu ruhusa.
Alibonyeza kitufe, akashuka ndani, ulimi nje,
akakaa huko muda wa kuchemsha chai,
akatoka na y.

Teófilo alikuwa mlangoni, amekuja kudai koleo lake.
Hakulidai.
Alivua kofia, akainama, akasoma lile neno
kwa sauti, silabi moja moja,
kama mtu anayehesabu mifugo inayorudi.