Kulabu

Mvua za vuli zimeacha madimbwi njia ya Jilore.
Naendesha polepole, kamera i mapajani pa Nyevu,
naye apiga kila kitu: mbuzi juu ya kichuguu,
mikorosho, shati jekundu kwenye kamba, ua hauna mtu.
"Simama," asema. Nasimama. "Haya, twende."

Kakoneni twapotea njia mara mbili,
sisi tuliozaliwa hapa.

Ghala la pamba halina bati hata moja.
Palipokuwa na meza ya baba na daftari lake la ratili
pameota mchicha wa porini, umestawi kwelikweli.
Ila kulabu ya mizani ingali inaning'inia kwenye boriti,
ile aliyokuwa akitutundika kwa mkanda wake siku ya malipo,
akisoma kwa sauti, wakulima wakicheka:
Nyevu, ratili arubaini.
Mimi thelathini na nane, na viatu miguuni.

Kijana mwenye baiskeli atuuliza twapiga picha ya nini.
"Chuma," namjibu.
Achungulia kioo cha kamera, aona chuma.

Nyevu hasemi kitu. Avua kandambili,
anyoosha mkono, aishika kulabu,
akunja magoti.

Boriti yalia kidogo.
"Soma," aniambia.