Dakika Mbili Kabla

Katika karakana ya tramu, mjini Łódź,
kuchelewa kuna msamaha:
theluji, foleni, mlevi aliyelala relini.
Kuwahi hakuna.
Ukiondoka kituoni dakika mbili kabla ya saa
unamwacha mtu barabarani,
na mtu huyo hakukosea kitu.

Bogumiła Wrzos anaijua kanuni hii kwa mkono wa kushoto.
Tramu haina usukani, ina mpini mmoja:
sukuma, nenda. Vuta, simama.
Miaka kumi na saba hajawahi kuwahi.

Mwili wake uliondoka akiwa na thelathini na tisa.
Bila kengele.
Hedhi ilikuja Februari, ikaruka Machi,
ikarudi Mei kama mgeni aliyesahau mwavuli,
ikauchukua, ikaenda zake.

Alidhani mimba.
Kipimo kikaonyesha mstari mmoja. Akanunua kingine.
Lucjan alisema ni uchovu, akageukia ukutani.
Haraka haraka haina baraka, tunasema,
lakini yeye aliharakisha nini?

Januari ile joto lilimpanda kutoka kifuani hadi masikioni.
Akafungua dirisha, nje nyuzi kumi na moja chini ya sifuri.
Abiria akagonga kioo:
Mama, utatugandisha!
Akafunga. Akaendesha huku jasho likimchuruzika mgongoni
chini ya koti la sare, sweta, fulana,
kituo baada ya kituo.

Mama yake alikoma akiwa na hamsini na tano
na akaoka keki ya karanga kusherehekea.
Dada yake Ludmiła, mkubwa kwa miaka minane,
bado ananunua pedi, bado analalamika kwenye simu,
tumbo, kiuno, lini itaniacha hii.
Bogumiła husikiliza, akikuna ukucha kwenye ukingo wa meza.
Kuna wivu ambao huwezi kumwambia mtu:
kuionea wivu damu.

Ana arobaini na sita sasa.
Uchunguzi wa madereva, kama kila baada ya miaka michache:
macho, masikio, shinikizo, kidole.
Muuguzi akatazama namba, akachoma kidole kingine,
akaenda kumwita daktari.

Daktari alikuwa binti mdogo, viatu vimelowa theluji.
Hakuuliza kwanza kuhusu mkate.
Aliuliza: Hedhi ilikoma lini?
Miaka saba, na huyu ndiye wa kwanza kuuliza.
Bogumiła alitaka kujibu kwa tarehe. Akajibu kwa machozi,
jambo lililomkera sana.

Ile homoni iliyoondoka, daktari akasema,
haikuwa ya watoto tu.
Ilikuwa na kazi nyingine kimyakimya,
ikiisaidia insulini kubeba mizigo.
Imeondoka mapema, mzigo ukarundikana njiani.
Si kila aliyewahi huugua,
na si kila anayeugua aliwahi.
Ila ungeambiwa, tungekupima mapema.
Mapema! Bogumiła akacheka, kicheko kibaya, cha pua.

Vidonge viwili, asubuhi na jioni. Leseni imebaki.
Alhamisi ya maandazi, wenzake walileta sahani nzima
yaliyojaa jamu ya waridi.
Alikula nusu moja. Nusu ya pili akaifunga kwenye leso
na kuisahau mfukoni hadi Jumapili.

Nyuma ya kadi ya ratiba ya zamani
amemwandikia binti yake Kalina, mwenye miaka kumi na tisa:
*Mimi 39. Bibi 55. Ukifika thelathini na tano, waulize wewe.
Usingoje wakuulize.*
Hajampa bado. Inakaa pochini, karibu na picha.

Leo alfajiri, kituo cha mwisho kabla ya kugeuza,
reli zilikuwa tupu, akafika dakika mbili kabla.
Alifungua milango yote.
Joto likaja, baridi ikaingia, vikakutana shingoni mwake.
Aliketi, mkono kwenye mpini, akiitazama saa.
Hakuna aliyekuja.
Akangoja hadi sekunde ya mwisho,
ndipo akasukuma.