Jezi Namba Kumi

Mimi raga siijui. Najua madoa.
Miaka kumi na tisa nafua jezi za shule hii
nyuma ya jiko, beseni tatu, kamba mbili,
na mvua ya Kakamega isiyokosa miadi yake ya saa tisa.
Ya kumi huianika peke yake, pembeni.
Si heshima. Inachuja rangi.

Wanaume hubishana juu ya namba kumi
kama wanavyobishana juu ya bei ya mahindi:
teke lake, jicho lake, pasi yake ndefu kama kesi ya shamba.
Mimi naigeuza ndani nje, naisoma.
Udongo begani, alikaba.
Udongo mgongoni, alikabwa.
Na ile inayorudi na harufu ya mafuta ya kujipaka tu,
ujue wanane wa mbele walimjengea boma
akacheza ndani yake kama mtoto wa chifu.

Lumbasi alikuwa hivyo.
Jezi yake ningeirudisha kabatini bila kuigusisha sabuni.
Siku ya klabu kuchagua, iliyoshika mkia ligini ikatangulia,
na jina la kwanza likawa lake,
chai ya wageni haijapoa.
Nakuru, mechi ya tatu, wanaume wenye ndevu
walimfikia kabla hajainua kichwa.
Leo anauza vipuri vya pikipiki Kondele.
Usimsikitikie: ana duka, ana mapacha, anacheka.

Olusiola ndiye aliyenimalizia sabuni.
Mwaka ule tulipigwa na kila shule yenye geti,
na mgongo wa jezi yake ulikuwa shamba lililolimwa.
Walimwita wa mwisho, hema likikunjwa,
tena kwa jina lisilo lake.
Anacheza mpaka sasa. Msimu wa nane.

Nikasema basi, nimeipata: siri ni tope.
Nilimwambia mwalimu Khamala. Akacheka,
kisha akatoa kalamu akaandika.

Halafu akaja Shivachi,
tope toka kola hadi pindo, kila Jumamosi,
nami nikaapa kwa beseni zangu zote tatu.
Klabu ya Kisumu ikamchukua wa pili.
Msimu haukuisha.
Kumbe kuna anayeangushwa kwa kumngoja mwenzake
afike mahali pa kupokea,
na kuna anayeangushwa kwa kutoona.
Tope ni lile lile.
Maji yakishakuwa mekundu hayasemi.

Mwaka huu ni Mulupi.
Wamekuja na saa za kubonyeza, mizani, kamba za kupimia,
wanawashika vijana mapaja, karibu wawafunue meno,
ungedhani ni Lubao siku ya soko la mbwa.
Mmoja, mwenye kofia, akaja jikoni kuomba maji.
Akaiona kambani.
"Mama, wewe umewaona wote. Huyu atafika?"

Nilitaka kusema ndiyo.
Lumbasi, Olusiola, Shivachi wakanisimama kooni.
Nikamshikisha kola. Ilichanika Jumamosi iliyopita,
na mtu ameishona kwa uzi wa bluu,
mishono isiyolingana, fundo kubwa kama kunde.
Si mimi. Nilipomuuliza Mulupi, alitazama viatu vyake.
"Maana yake nini?" akauliza mwenye kofia.
"Sijui," nikasema. "Imeshonwa."

Saa tisa. Kule hemani wakaanza kusoma majina,
na mvua, juu ya mabati ya jiko, ikaanza kusoma yake.
Nikakimbilia kamba,
nikazikumbatia zote kumi na tano.
Ya kumi ilikuwa bado mbichi.