Goti la Kapteni Vuma

Daktari wa Buhinga aliukaza mkanda mkononi mwangu,
akasoma, akasoma tena, kisha akanitazama
kama fundi anavyoitazama redio iliyonyeshewa.
"Araali, wewe una miaka thelathini na minne.
Moyo wako una hamsini."
Nilitaka kumwambia kwamba Kapteni Vuma
anaishi na moyo wa chuma tangu msimu wa pili
na hakuna aliyemkataza chapati.
Nikanyamaza. Si kila hospitali ina shabiki.

Basi alfajiri nakimbia.
Nasema nakimbia: mama wa maziwa ananipita
na madebe yake mawili, ananisalimu kwa adabu,
anatokomea ukunguni.
Barabara ya Karuzika haina huruma,
ikulu imekaa juu kama inavyostahili ikulu,
na mimi chini, ndani ya fulana ya Kikosi cha Zohali
niliyojichorea mwenyewe kwa rangi ya kuta.
Jasho likitoka, nyota zinaganda kifuani.
Mtoto wa shule ananiuliza, "Mzee, unamkimbiza nani?"
Mzee!
Nahesabu pumzi nane-nane ili nisikae chini:

*Kilima nakupandia, goti usinisaliti,
pumzi yaniishia, nitaikopa kwa noti,*

mshororo wa tatu haukuja.
Alikuja mbwa.

Mchana nauza mbegu za maharage na dawa ya kupe.
Nyuma ya risiti nachora injini.
Jana mkulima mmoja wa Kijura alirudi dukani,
karatasi mkononi, uso umejaa matumaini:
"Hii mashine nayo mnauza bei gani?"

Jioni ndiyo vita.
Meza ipo, wino upo, penseli nimeichonga
hadi imekuwa fupi kuliko kidole gumba,
na huu ni mwaka wa tatu niko ukurasa wa kumi na moja.
Nikikaa tu, simu inalia. Ni Ateenyi wa Kagote.
Tangu Pasaka tunabishana
kama Vuma alikufa kweli mlango wa chombo ulipofunguka,
au ile glovu iliyoelea gizani ilikuwa ya pacha wake.
Ushahidi ninao: kidole cha tatu, mshono.
Ila kuuthibitisha lazima nitazame tena kipindi cha tisa,
na cha tisa hakieleweki bila cha nane.
Dada yangu Kabasinguzi, aliyekuja kwa wiki moja mwaka juzi,
anapita na birika, anatikisa kichwa:
"Mtu mzima, matanga ya glovu."
Saa sita usiku umeme unakatika
nami naushukuru
kama mlevi anavyoushukuru mlango wa baa uliofungwa.

Leo goti limevimba.
Sikukimbia, na usingizi umenikataa.
Nimeliweka juu ya kigoda, karibu na mshumaa,
ninalitazama: jinsi ngozi ilivyovutika ikang'aa,
jinsi kifupa kilivyozama kama jiwe ndani ya ugali.
Mkono ukaichukua penseli bila kuniuliza.

Kurasa kumi na moja Kapteni Vuma amepanda milima
mdomo umefumbwa, nywele hazijasogea.
Usiku huu amesimama katikati ya mteremko,
mkono kiunoni, kofia ya kioo imejaa ukungu wa pumzi,
goti moja kubwa kuliko mwenzake.
Hajafa. Amechoka.
Nimechora hadi mshumaa umelala juu ya kisahani,
hata chai ya Kabasinguzi imeota ngozi.

Na kule chini, mbali, mdogo kama punje ya mtama,
kuna mtu anapanda na madebe mawili.
Sikumpanga. Amekuja mwenyewe.

Ateenyi atasema Zohali hakuna ng'ombe.
Jibu ninalo.
Liko ukurasa wa kumi na tatu.