Pima Maji

Miaka ishirini na tisa nimelaza pima maji
juu ya tofali za watu,
nikikodolea kipovu kile ndani ya kioo
hadi kitulie kati ya mistari miwili.
"Imekaa," nasema. Na ukuta unaniamini.

Mchanga nilikuwa nauita kwa simu.
"Atilio, tripu mbili, ule laini wa lipu."
Kabla chai haijapoa Fuso iko mtoni,
imezamisha magurudumu kama ng'ombe anayekunywa,
vijana sita, makoleo sita,
kisha maji yakichuruzika nyuma barabarani
kutoka Kalenga mpaka Iringa mjini:
mto unapanda mlima kwa gari.

Nimejenga, sikatai.
Zahanati. Nyumba ya mwalimu Msigwa.
Choo cha shule, matundu manane.
Kaburi la mama nililisakafia mwenyewe,
mchanga nikauchekecha mara tatu
isibaki hata kokoto moja ya kumchoma.
Mto umesimama wima kijiji kizima,
umepakwa rangi ya maziwa.

Sasa shuka ukaone ulikotoka.

Kingo zimemegwa kama mkate wa mwenye njaa.
Mianzi ya Gaudensia Sekalinga imelala kifudifudi,
mizizi hewani; mwaka huu haikugemwa,
mbeta zake anahifadhia chumvi.
Nguzo ya daraja la miguu, tuliyoifukia kimo cha mtu,
iko uchi hadi kiunoni,
jino lililokimbiwa na ufizi.
Na vinyungu, hapo ndipo panaponiuma,
vinyungu vilivyotupa mahindi mabichi
wakati mlimani hata jembe halijaamka,
vimepasuka. Mto ulipozama
ulishuka na unyevu wake wote, kama anayehama na funguo.
Ndama wa Atilio alizama
kwenye shimo la Atilio.

Mkutanoni Atilio alisema:
"Mkinifunga, hawa vijana sita watakula nini?"
Gaudensia akamjibu, "Na mimi nile shimo?"
Mwenyekiti akaanza kutafuta kalamu
aliyokuwa ameishika.

Nilinyanyuka, saruji bado kwenye kucha,
nikasema jambo moja ninalolijua:
ukuta haujengwi kwa hasira, unajengwa kwa uzi.
Basi tukauvuta uzi.

Kigingi cha mninga, rangi nyekundu, pale mto unapotanuka.
Mchanga ulio juu ya rangi, chota.
Ukifika rangini, koleo likome.
Kwenye kona, hapana. Jirani na daraja, hatua mia mbili, hapana.
Masika hatuchimbi, mto uachwe ulete wenyewe.
Fuso isimame nchi kavu, mchanga upande kwa karai.
Shimo la jana lifukiwe kabla ya la leo.
Kila tripu risiti, na kila risiti miche miwili ya mianzi.
Hapo Atilio alicheka,
kisha akauliza inapandwa kina gani.

Wateja wangu nawaambia: kuta za nje, vumbi la kokoto.
"Ghali, fundi."
Ghali ni daraja, nawajibu, na wengine wanakwenda kwa fundi mwingine.

Usiku bado kuna tochi mtoni.
Mara mbili nimeziona.
Mara ya kwanza nilipiga kelele, zikazimika.
Mara ya pili nilinyamaza,
maana gizani kuna mtu alikohoa
na kikohozi kile nimekilea mwenyewe.
Asubuhi tulikunywa uji, mimi na yeye.
Nikamsogezea sukari. Nikamsogezea na mche wa mwanzi.
Hakuuliza.

Juzi mvua ya kwanza.
Nilichukua pima maji yangu, nikashuka,
nikailaza juu ya kigingi chekundu
maji ya kahawia yakipita kando yake, yamebeba kitu,
punje kwa punje, sikujua kama yanaleta au yanaondoka nacho.
Kipovu kikaenda kushoto.
Kikarudi.
Kikaenda kushoto.
Nilisimama pale mpaka koti likalowa.
Sikusema imekaa.