Ukurasa wa Kumi na Sita Haupo

Nilikinunua Busia kwa shilingi elfu mbili
kwa mama aliyekitandaza juu ya gunia
kati ya kandambili na betri za redio.
Hadithi ya kuku aliyegoma kutaga.
Sikukikagua. Nani hukagua kitabu cha mtoto?

Usiku ule, nyumbani Tororo, taa ya sola ikififia,
tukafika ukurasa wa kumi na tano:
kuku yuko juu ya paa,
mwenye kuku anatafuta ngazi.
Nikafunua.
Jalada.
Wa mwisho umechanika, umebaki uzi.

Nyafwono, miaka mitatu na miezi minane,
akanitazama kama mtu aliyenyimwa chenji.
"Halafu?"

Mimi kiwandani napakia saruji.
Mfuko ukiuinua umeuinua, ukiutua umeutua,
hakuna halafu.
Nikamwambia kuku alishuka, akalala.
Akasema, "Hapana."
Tukaanza tena, ukurasa wa kwanza.

Kiswahili changu nilikiokota jeshini:
simama, fungua, toa kitambulisho.
Huko, kutetea ilikuwa kazi ya bunduki.
Kumbe kuku naye hutetea,
koo-ko-ko-koo, yai likimjia!
Nikalitamka neno hilo mara tatu, polepole,
nikamweleza binti yangu kwa Dhopadhola,
naye akatetea hadi jirani akagonga ukuta.

Jirani ni Oboth. Asubuhi bombani akaniuliza:
"Unamsomea mtoto asiyejua hata a?
Si umwache kwanza aende shule?"
Sikuwa na jibu, nilikuwa na ndoo mbili.
Ningemwambia nini?
Kwamba sasa kila kitu kina halafu:
lori linaloelekea Mbale, halafu?
mvua ikiisha, halafu?
Februari tulipomzika shangazi
aliuliza mbele ya watu wote,
na watu wazima wakaanza kukohoa.

Saruji haitoki vidoleni kwa maji ya mara moja.
Kila ukurasa una gumba langu pembeni, la kijivu.
Athieno alinigombeza, eti nakichafua.
Lakini mtoto huweka gumba lake juu ya langu,
hungoja,
kisha hufunua. Hakosei.

Jumanne mashine iliharibika, nikachelewa kutoka.
Nilipofika mlango ulikuwa wazi kidogo.
Nyafwono amekaa mkekani, kitabu kichwa chini,
anamsomea mama yake,
ambaye shule aliiacha darasa la pili
siku mdogo wake alipozaliwa,
na ambaye kitabu hiki alikuwa hukifuta vumbi tu.
Kiswahili cha kitabu, Dhopadhola cha nyumbani,
vyote katika sufuria moja.
Paa. Ngazi. Gumba.
Jalada.

Nikamsikia Athieno, sauti ya chini:
"Halafu?"

Mtoto akafikiri. Akajikuna goti.
"Halafu kuku akauona mwamba wetu.
Akasema, loo! yai lote hilo, nani kataga?
Akaona aibu.
Akashuka, akataga kadogo."

"Halafu?" akasema mama yake,
na akasogea karibu na taa.

Nilikuwa nimeshavua viatu.
Nikabaki pale pale kizingitini,
nimevishika mkononi,
vumbi likinidondoka taratibu,
nisije nikawakatiza.