Kanuni ya Saba

Wrexham, Jumatatu, rasharasha dirishani.
Nachora njia za karatasi zisizo karatasi:
kisanduku, mshale, kisanduku.
Ankara ikizidi pauni mia tano, iende kwa Gethin;
Gethin akiwa likizo, isimngoje, ipande juu.
Barua yenye neno "kodi", ghorofa ya pili.
Yenye neno "paa", kwa mafundi.

Jana usiku nilikosea mshale mmoja.
Ombi la kitasa cha mlango likazunguka
fedha, sheria, fedha, sheria,
mara mia nne na kumi hadi alfajiri,
kila idara ikimwambia jirani: lako hilo.
Nilicheka.
Ndivyo tulivyokuwa tukifanya kwa miguu.

Glenys, aliyepanda ngazi hizi na mafaili
miaka thelathini na mmoja,
yuko nyuma yangu, kikombe mkononi.
"Na za mzee Pugh?"

Mzee Pugh huandika kila mwezi kwamba paa linavuja.
Halivuji. Mafundi wamelipanda mara sita.
"Mimi humpigia simu," asema Glenys,
"tukamaliza habari za mbwa wake, basi,
hadi mwezi ujao."

Nimetafuta kitufe cha jambo hilo. Hakuna.
Nikaandika kanuni ya saba:
mwandishi akiwa Pugh, na neno likiwa paa,
simama. Mpelekee Glenys.

Ijumaa anastaafu.
Mfumo umeshauliza, kwa herufi nyekundu,
nani ashike nafasi yake.

Naandika jina langu,
kisha namuuliza mbwa anaitwaje.